Weka Mkasi Chini, Baba

Mwongozo wa mzazi anayetaka kusaidia mradi wa sayansi bila kuunyakua

Ujumbe wa mwalimu huingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp jioni, sufuria ya ugali ikiwa motoni: kila mwanafunzi wa Gredi ya 5 alete mradi wa sayansi Ijumaa. Muda si muda mzazi mmoja anauliza kama duka la vifaa vya shule bado liko wazi. Wa pili anauliza nani ana namba ya fundi wa kuchomelea. Wa tatu, ambaye ni mhandisi, haandiki chochote. Huyo ndiye wa kuogopa. Ameshaanza kuchora.

Mwongozo huu ni wake. Ni wa jamaa zake pia: mama anayesema yeye anaandika vichwa tu kwa sababu ana hati nzuri, baba anayekesha akitengeneza mfano wa kuonyesha, kisha asubuhi mfano huo huo ndio unaopanda basi la shule, na mjomba wa chuo kikuu aliyepita kusalimia tu, akaondoka saa sita usiku akiwa na gundi kwenye nyusi. Wote wanawapenda watoto. Wote wanafaa kuzuiwa.

Anza hivi. Ujumbe ule umekuja kwenye simu yako kwa sababu mtoto hana simu, si kwa sababu kazi ni yako. Mwite, msomee ujumbe wote, kisha mwulize, "Wewe unataka kujua nini?" Halafu nyamaza. Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na wazazi wengi huangukia papa hapa, kabla hata karatasi ya manila haijanunuliwa. Mtoto atatazama dari. Atasema hajui. Atasema anataka kutengeneza roketi ya kwenda mwezini. Vumilia. Ukimpa wazo wewe, kila kitakachofuata kitakuwa chako, na yeye atakuwa kibarua wako wa kukata na kubandika.

Akikwama kabisa, usikimbilie intaneti. Mpeleke jikoni. Volkano ya karatasi inayotapika povu imeonyeshwa vya kutosha katika shule zetu; inapendeza, ila haiulizi kitu, kwa kuwa kila aliyepo anajua itatapika. Jikoni kuna maswali ya kweli. Bibi huvundika ndizi mbichi kwa kuzifunika pamoja na moja iliyoiva. Je, zikiachwa wazi zitachelewa siku ngapi? (Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzihimiza jirani zake nazo ziive; zikifungiwa, gesi haina pa kwenda. Sasa unajua. Usimwambie.) Sufuria yenye kifuniko inachemka mapema kiasi gani kuliko isiyo nacho? Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanapunguza mkaa kwa kiasi gani? Kitambaa cheusi na cheupe cha pamba ile ile vikianikwa juani, kipi kinakauka kwanza? Mtoto akikamata mojawapo ya haya na kuliuliza kwa maneno yake, mradi umeanza, hata kama mezani hakuna kitu.

Sasa tuje kwenye mikono. Mikono ya mzazi ina kazi nne zinazoruhusiwa: kumimina maji ya moto, kukata kwa wembe, kushika chochote kinachoingia kwenye soketi ya ukutani, na kulipa dukani. Kupaka rangi hakumo. Kunyoosha mstari ulioenda kombo hakumo. Kufuta "okisijeni" ili uandike "oksijeni" hakumo. Mwulize kama ameangalia kitabuni, kisha geuka. Kama unajijua kuwa huwezi kujizuia, ipe mikono kazi nyingine. Menya njugu. Mikono inayomenya njugu haiwezi kushika mkasi, na jioni ikiisha familia nzima ina cha kutafuna.

Nataka tufuate mfano mmoja mpaka mwisho, kwa sababu hapa ndipo wazazi wema huharibu mambo. Tuseme una binti wa miaka kumi. Ameona unga wa maandazi ukiumuka, na anataka kujua kama joto linaongeza kasi. Anachukua chupa tatu za soda za kioo, anatia kijiko cha hamira na kijiko cha sukari katika kila moja, na puto kwa kila mdomo wa chupa. Chupa ya kwanza ina maji baridi, ya pili maji ya vuguvugu, ya tatu maji ya moto sana ambayo umeyamimina wewe, taratibu. Katika daftari lake ameandika utabiri: la maji ya moto litavimba kuliko yote, kwa sababu moto una nguvu.

Wewe unajua kitakachotokea. Hamira ni viumbe hai. Huchangamka kwenye maji yenye joto kama la mwili, nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na yakifika 60 hufa. Puto la tatu litabaki limelala. Ulimi unakuwasha. Unataka kusema, "Mwanangu, hebu fikiria tena kuhusu hayo maji." Funga mdomo. Ukisema sasa utampokonya kitu ambacho hutaweza kumrudishia: kutazama kwa macho yake puto lililokataa kuvimba, na kutambua kwamba alichokuwa na uhakika nacho si kweli.

Nusu saa baadaye atakuja.

"Mama, hili limeharibika."

"Limeharibikaje?"

"Halijavimba. Labda puto lina tundu."

"Utajuaje?"

Atalichomoa, atalipuliza, ataona halina tundu. Atabadilisha puto hata hivyo. Ataosha chupa, atatia hamira mpya, atakuomba maji ya moto tena, na puto litalala tena. Hapo atakasirika, na hasira hiyo usiitulize kwa jibu. Mwache aende nayo kitandani. Ipo siku, pengine kesho yake akinywa chai, atauliza mwenyewe kama hamira inaweza kuungua. Kutoka hapo hadi kujua kwamba ndani ya kile kijiko mlikuwa na uhai ni hatua moja tu, na aipige yeye.

Angalia mama amesema nini katika mradi mzima. "Limeharibikaje?" na "Utajuaje?" Maswali hayo mawili yanatosha kwa shule ya msingi yote. Yaandike, uyabandike kwenye mlango wa friji, na mjomba akija mwonyeshe.

Na sasa baba wa ndimu. Mtoto ameamua kuwasha taa kwa ndimu. Amechomeka msumari wa mabati upande mmoja na waya wa shaba upande wa pili, ameunganisha balbu ya tochi, na balbu haikuwaka. Haitawaka. Ndimu moja hutoa chini kidogo ya volti 1, na mkondo wake wa umeme ni hafifu mno kwa balbu ya tochi. Hata kitaa chekundu cha LED huhitaji karibu volti 2, kwa hiyo ni ndimu tatu au nne zilizounganishwa kwa mfuatano, nacho kitawaka kwa unyonge, gizani. Yote hayo mtoto anaweza kuyafikia kwa kuongeza ndimu moja moja na kuandika anachokiona. Lakini baba ameona balbu haiwaki, na maonyesho ni kesho. Anachomoa betri mbili za rimoti, anazificha chini ya boksi. Ijumaa taa inang'aa. Wageni wanapiga makofi. Mtoto amesimama kando ya boksi akiomba lisipinduliwe. Kuna jambo amejifunza siku hiyo, nalo halimo kwenye silabasi.

Balbu isiyowaka, yenye daftari linaloeleza yote yaliyojaribiwa ili iwake, ni mradi kamili. Nawasihi walimu waupe alama kubwa kuliko taa inayong'aa ambayo mwenyewe hajui kwa nini inang'aa. Mwalimu akifanya hivyo mara moja mbele ya darasa, betri za rimoti zitabaki kwenye rimoti.

Ugonjwa huu wa watu wazima wa kurekebisha matokeo haukuanzia kwa wazazi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mvulana wa Kidato cha 3 aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walitakiwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo wayaingize kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo na wavulana walikuwa wengi, kwa hiyo Mpemba aliingiza yake yangali ya moto. Baadaye akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alimwuliza mwalimu sababu. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na hapo mwalimu akalitania kuwa ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake nao wakalifanya utani wao. Kisha Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaja shuleni kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lile lile. Wanafunzi walicheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alileta habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nampenda sana fundi huyo, maana ni sisi sote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo, na kama lipo linatokana na nini. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilishindanisha maelezo yake na kupokea zaidi ya 22,000.

Jiulize Mpemba angekuwa na baba wa ndimu ingekuwaje. Baba angemsahihisha palepale. Maziwa yangepozwa kwanza, kama ilivyoagizwa, na aiskrimu ingetoka nzuri.

Mfano wa pili uko Kenya, kwenye ukingo wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Richard Turere, kijana wa Kimaasai, alikuwa na jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake dhidi ya simba. Kwanza alijaribu moto. Ukawasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi. Kisha akajaribu sanamu ya kutishia wanyama. (Wazazi wa Gredi ya 4 waliowahi kujaza nguo kuukuu majani usiku ili kutengeneza sanamu ya somo la kilimo, hii ni habari yenu.) Siku ya kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi. Siku ya pili walitambua kwamba haitikisiki, wakaingia. Usiku mmoja akizunguka zizi na tochi, Turere aliona kwamba simba hawakukaribia: waliogopa mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alitwaa betri kuukuu ya gari, kifaa cha kumetesha indiketa za pikipiki, balbu za tochi zilizovunjika na paneli ya jua, akafunga taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 alisimulia habari hiyo kwenye jukwaa la TED huko Marekani.

Umeme alijifunzia wapi? Alifungua redio mpya ya mama yake akaitenganisha vipande vipande. Mama alikasirika kweli kweli, kama ambavyo mama yeyote angekasirika. Nimetafakari sana msaada wa mama huyo katika mradi. Aliupa redio, bila kupenda, na wala hakuigusa bisibisi.

Najua kinachoifanya mikono iwashe. Ni alama. Mtaala wa umilisi ulioingia katika shule zote za Kenya kuanzia 2019 unataka mzazi ashiriki, na umezipa tathmini za shuleni uzito: mtoto anapomaliza Gredi ya 9, zile za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo yake. Hakuna mzazi anayefurahia kuona "chini ya matarajio" kwenye ripoti. Lakini kushiriki ni kuketi karibu, kuuliza, kusikiliza, kununua manila. Kuchomelea si kushiriki. Na pale kazi yenyewe inapomzidi mtoto wa miaka tisa, inapohitaji msumeno wa umeme au pesa za wiki nzima za chakula, nenda kamwambie mwalimu wazi. Mzazi anayeimaliza kazi kama hiyo kimyakimya humfanya mwalimu aamini kwamba iliwezekana, na muhula ujao atatoa kubwa zaidi.

Nami nina sababu nyingine, na kwangu ndiyo inayouma. Siku ya maonyesho meza hupangwa moja kando ya nyingine. Juu ya moja kuna kinu cha upepo chenye mota, kilichopakwa rangi ya dawa, maelezo yake yamechapishwa kwa kompyuta. Juu ya ile inayofuata kuna boksi la maziwa, vizibo vya soda na mwandiko wa penseli. Mwenye boksi mama yake huuza mboga na hurudi nyumbani saa tatu usiku. Mtoto alikata mwenyewe, akabandika kwa uji wa unga wa ngano, akabandua, akabandika tena. Anatazama kinu cha jirani yake. Hakuna anayemwambia kwamba kile kimetengenezwa na mtu wa miaka arobaini na mbili mwenye shahada. Anachoona ni kwamba mwenzake wa darasa moja anaweza hivi, na yeye anaweza vile tu. Anaamini sayansi si yake. Na mwenye kinu naye, akiulizwa kwa nini mapanga yamepinda vile, anatazama mlangoni kumtafuta baba. Mradi wa mzazi huiba kwa watoto wawili kwa mpigo, na mmoja wao hata si wako.

Kwa hiyo siku hiyo ya maonyesho, ukialikwa, fanya hivi. Simama mbali na meza ya mwanao, mbali kiasi cha kutosikia. Mgeni akimwuliza swali naye akanyamaza, fungua kamba za kiatu chako uzifunge upya. Ukishamaliza cha kulia, nenda cha kushoto. Usitikise kichwa kumwashiria jibu. Kisha zunguka. Tafuta meza yenye boksi la maziwa, inama, mwulize mwenyewe alijuaje, na usikilize jibu lote mpaka liishe. Waambie wazazi wengine nao wapite hapo.

Na kama umegundua Alhamisi saa nne usiku kwamba mradi ni wa kesho? Mtoto alale. Aende na daftari lenye swali lake na chochote alichokwisha kukiona, hata kama ni maharagwe mawili yaliyochipua na moja lililooza. Wewe mwandikie mwalimu mistari miwili ya ukweli. Watoto hawafi kwa alama ndogo ya Gredi ya 5.

Mradi ukirudi nyumbani na alama ambayo hukuitarajia, usipige simu shuleni kabla hujamwuliza mtoto yeye mwenyewe angejipa ngapi na kwa nini. Watoto hujipima kwa haki kuliko tunavyodhani. Atakuambia alisahau kuandika muda, au kwamba alitumia vijiko visivyolingana. Na akisema anataka kurudia jaribio zima Jumamosi, kwa maji ya joto la aina tano badala ya tatu, ingawa hakuna mwalimu aliyeagiza, mpe pesa ya hamira, na umwambie chenji ni yake.